Binti yangu kila swali la pembe anaweka = 180, nimsaidieje wakuu?

MamaWawili_Tabata

Habari za jioni wakuu. Naombeni msaada, nina binti yuko kidato cha pili na mwishoni mwa mwaka ana ule mtihani wa upimaji wa taifa. Hesabu zilikuwa hazimsumbui kabisa mpaka walipofika kwenye pembe zenye x. Ukimpa mlinganyo mtupu, mfano 3x + 10 = 40, anaumaliza huku anaongea na mdogo wake. Ukimpa pembetatu yenye namba tupu anakutafutia pembe iliyobaki bila shida. Ila ukivichanganya, yaani mchoro halafu kwenye pembe wameandika vitu kama 3x + 10, hapo ndo mambo yanaharibika. Na wala hakwami, anaandika haraka haraka, anajumlisha kila anachokiona kwenye mchoro anaweka = 180.

Jana baada ya kula tumekaa mezani nikaangalia daftari lake. Swali lilikuwa mistari miwili imekatana kama alama ya X, pembe ya upande wa kushoto ni (3x + 10), ya kulia ni (5x − 40), tafuta x. Kaandika 3x + 10 + 5x − 40 = 180, akapata 8x − 30 = 180, x = 26.25. Kapewa kosa, hakuna maelezo yoyote pembeni. Ananiuliza "mama si umesema mstari ulionyooka ni 180, sasa kosa liko wapi?" Na kweli mimi ndo nilimwambia hivyo, na mpaka sasa naamini ni 180, kwa hiyo nikashindwa kumjibu na usingizi ukaniruka.

Halafu kuna suala la lugha. Shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili, pembe kali, pembe butu, pembetatu pacha, vyote alikuwa navyo kichwani. Huku sekondari vyote vimebadilishwa majina, komplimentari na saplimentari (pembe mbili zinazojumlisha 90, na mbili zinazojumlisha 180) anazigeuza kila siku, hii anaiweka 90 ile 180, kesho yake kinyume.

Sitaki jibu la swali, nataka njia ya kukaa naye. Nawasilisha.

---

dogo_wa_Kigogo

x = 25, pembe zote mbili ni nyuzi 85. Pembe zinazotazamana ni sawa, mwambie akariri hiyo basi

---

MamaWawili_Tabata

Asante mdogo wangu, lakini kukariri ndo kumetufikisha hapa, hiyo ya 180 nayo aliikariri.

---

Mwl_Sambamba

Mama Wawili pole na hongera, mzazi anayefungua daftari la hesabu saa tatu usiku ni mzazi wa kushukuriwa. Mimi nafundisha hesabu sekondari hapa hapa Dar, na hilo kosa la binti yako nalikuta kwenye kila darasa, tena kwa watoto wazuri, wale wakali kwenye aljebra ndo wanalifanya zaidi kwa sababu mkono unakimbia kabla ya macho.

Tatizo lake sio mlinganyo. Mlinganyo anaujua, umesema mwenyewe. Tatizo ni kwamba mlinganyo wa swali la pembe haupo kwenye mchoro, unatakiwa utoke kwenye sentensi, na hiyo sentensi yeye haisemi. Anaruka kutoka kwenye picha kwenda kwenye x moja kwa moja. Sasa fanya hivi, mkikaa leo mnyang'anye kalamu. Kweli kabisa, kalamu ikae kwako. Mwambie aweke kidole kwenye pembe ya kwanza, kidole kingine kwenye pembe ya pili, halafu aseme kwa Kiswahili hizi pembe mbili zina uhusiano gani. Majibu ni ya aina mbili tu katika maswali mengi ya kidato chake: ama "hizi ni sawa", ama "hizi zikijumlishwa zinafika mahali fulani" (na hapo aseme wapi, 90, 180 au 360, na kwa nini). Asipoweza kutaja sababu, kalamu haipati.

Tuchukue hilo swali lenyewe. Kidole kushoto, kidole kulia. Je, hizo pembe mbili zimekaa juu ya mstari mmoja ulionyooka? Hapana, zinatazamana, zimegusana kwenye ncha tu. Kwa hiyo ile sheria yako ya 180 ni ya kweli, ila haiwahusu hawa wawili, inamhusu kila mmoja wao na jirani yake. Na hapo ndo unamuonyesha kwa nini zinazotazamana ni sawa ili asikariri: ile pembe ya juu, iite p. Ya kushoto ukijumlisha na p unapata 180 kwa sababu wamelala kwenye mstari mmoja. Ya kulia ukijumlisha na p unapata 180 pia, mstari ule mwingine. Wote wawili ni 180 toa p. Basi wako sawa, hakuna namna nyingine. Euclid aliliweka hili kwenye maandishi zaidi ya miaka 2200 iliyopita na hoja yake ndo hiyo hiyo, mtoto wa kidato cha pili anaimudu.

Sentensi imepatikana: "ya kushoto ni sawa na ya kulia". Sasa mrudishie kalamu.

3x + 10 = 5x − 40
ondoa 3x pande zote: 10 = 2x − 40
ongeza 40 pande zote: 50 = 2x
x = 25

Halafu ASIISHIE HAPO. x sio pembe. Hili ni kosa la pili kwa ukubwa, watoto wanapata x = 25 wanaandika pembe ni nyuzi 25. Arudi kwenye mchoro aweke 25: 3 mara 25 ni 75, jumlisha 10 ni 85. Upande wa pili 5 mara 25 ni 125, toa 40 ni 85. Zimelingana, sentensi yetu imetimia.

Na sasa mwambie aweke ile 26.25 yake. Kushoto inatoka 88.75, kulia 91.25. Ukijumlisha ni 180 kweli, ndo maana yeye aliridhika. Lakini angalia mchoro, pembe mbili zinazotazamana, moja 88.75 nyingine 91.25, mistari iliyonyooka haiwezi kukatana hivyo. Hapo mtoto analiona kosa kwa macho yake mwenyewe, na kosa aliloliona mwenyewe harudii kirahisi kama lile lililopigiwa alama nyekundu.

Kuhusu zile mbili anazozigeuza: K iko kabla ya S kwenye alfabeti, na 90 iko kabla ya 180. Komplimentari 90, saplimentari 180. Na hata kwa tahajia ya Kiingereza inaanza C, bado iko kabla ya S, kwa hiyo haimpotezi kwenye karatasi ya mtihani.

---

FundiKenchi_Mbagala

Shikamoo mwalimu. Naomba nichangie kidogo mimi sio msomi sana ila hizi pembe nakula nazo ugali, napaua nyumba mwaka wa 11 sasa kuanzia Mbagala mpaka Chanika huko, na hicho kitu mwalimu amesema cha sentensi kwanza ndo kitu nawaambia vijana wangu kila siku.

Siku hizi watu wengi wanataka paa la kuficha lakini kenchi ya pembetatu, yaani zile mbao zinazobeba paa, bado ipo, na ile ni pembetatu pacha, huku na huku pembe sawa. Kuna kazi tulipewa, mchoro umeandikwa pembe ya juu ni mara nne ya pembe ya chini, basi hakuna namba nyingine. Kijana wangu mmoja mwepesi sana wa hesabu akachukua simu akapiga x jumlisha 4x ni 180, akapata 36, akaniambia bosi tukate kwa nyuzi 36. Nikamuuliza kenchi ina kona ngapi? akanyamaza. Kona ni tatu, ya kushoto x, ya kulia nayo x, ya juu 4x. Kwa hiyo 6x = 180, x ni 30, juu ni 120. Ile yake ukiijumlisha kona zote, 36 na 36 na 144, unapata 216, pembetatu ya namna hiyo haipo duniani, mbao zisingekutana pale juu.

Na haiishii hapo maana kuna nguzo ya katikati inayosimama wima, ile inaigawa kenchi vipande viwili na kila kipande kina pembe mraba. Chini 30, pale nguzo inapokaa 90, kwa hiyo juu kila upande 60, na ndo nusu ya ile 120. Ukikosea ile ya kwanza zote zinazofuata zimeenda na mbao ya mbili kwa nne ukishaikata huwezi kuirudisha. Mama mlete binti saiti siku ya likizo aje aone, namkaribisha kwa heshima zote, atazishika kwa mkono.

---

Mwl_Sambamba

Marahaba fundi. Huo mfano nauchukua kwenda nao darasani, nashukuru sana.

---

Aziza_Kgmb

Mimi niko chuo mwaka wa pili, nafundisha tuisheni ya jioni huku Kigamboni, naomba niongeze mawili matatu ambayo nayaona kwa wanafunzi wangu maana naona hapa watu wamesema vizuri ila kuna mitego bado.

Mabano jamani mabano. Swali likija la maneno, mfano "pembe fulani ni mara mbili ya saplimentari yake ukiondoa 30, tafuta hiyo pembe". Pembe ni x, saplimentari yake ni 180 − x, sentensi ni x = 2(180 − x) − 30. Wengi wanaandika 2 × 180 − x − 30, ile mbili inamgusa 180 tu, x inabaki peke yake nje. Wanapata x = 165. Ukimwambia haya jaribu, saplimentari ya 165 ni 15, mara mbili ni 30, ondoa 30 ni sifuri, sasa sifuri na 165 wapi na wapi. Ukifungua mabano vizuri ni x = 360 − 2x − 30, 3x = 330, x = 110, saplimentari 70, mara mbili 140, ondoa 30 unarudi 110. Safi.

Lingine, watoto wakipata x hasi wanafuta kazi yote wanaanza upya!! Nilikuwa na mwanafunzi kafuta mpaka karatasi ikatoboka. Swali lilikuwa pembe mbili zimelala kwenye mstari ulionyooka, (60 − 2x) na (90 − x). Ukijumlisha 150 − 3x = 180, x = −10. Akasema dada pembe haiwezi kuwa hasi. Kweli pembe kwenye mchoro haiwezi kuwa hasi, lakini x sio pembe (mwalimu kasema hapo juu). Weka −10 ndani: 60 jumlisha 20 ni 80, 90 jumlisha 10 ni 100, jumla 180. Kila kitu kiko sawa. Hasi ya kuogopa ni ile inayotokea kwenye pembe yenyewe baada ya kurudisha x.

Na kuhusu ule usemi wa "namba ikivuka alama ya = inabadilika alama", mama kama binti anasema hivyo msimkataze lakini ajue inatoka wapi. Hakuna kinachovuka, unafanya kitu kile kile pande zote mbili za mizani. Wanafunzi wangu wanaokariri kuvuka, siku 3x inapotakiwa kugawanywa kwa 3 wanaivusha 3 nayo wanabadilisha alama inakuwa −3. Hata neno aljebra lenyewe limetoka kwenye kitabu cha Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi wa Baghdad karne ya 9, al-jabr kwa Kiarabu ni kurudishia, kuunga kilichovunjika. Upande mmoja umetolewa kitu, unakirudishia, na mwenzake naye unampa kiasi hicho hicho ili wabaki sawa.

---

mkazi_wa_Ubungo

Sasa wakuu mi nauliza kwanini msimpe tu kipimapembe? mkebe si anao. Anapima pembe kwenye karatasi anapata 85 anarudi kutafuta x, kazi imekwisha. mnazunguka sana

---

Aziza_Kgmb

Kaka michoro ya mtihani mara nyingi haijachorwa kwa vipimo, na wanaandika kabisa hapo chini. Nimeshaona pembe imeandikwa 40 na ukiiangalia inakaribia 60. Ukipima umepotea. Mchoro unakuambia nani yuko jirani na nani, mistari ipi ni sambamba, ipi imenyooka. Ukubwa unautoa kwenye mlinganyo.

---

Mwl_Sambamba

Kipimapembe kina kazi yake lakini nyumbani, wakati wa kujifunza. Kwa mfano hiyo 180 ya pembetatu yenyewe, mama chukua karatasi yoyote, kata pembetatu ya aina yoyote hata ikae vibaya, chana zile kona tatu, zipange zigusane ncha kwa ncha. Zinakaa juu ya mstari ulionyooka. Afanye na pembetatu tatu tofauti. Baada ya hapo akiandika = 180 atakuwa anajua anazungumzia nini, na akikuta kona mbili tu zimetajwa atajua kuna ya tatu imefichwa.

Nimekumbuka na ile ya mistari sambamba, nayo inawachanganya sana. Mistari miwili sambamba halafu mmoja unaikata yote miwili. Mwambie atafute herufi. Akiona Z, zile pembe mbili za ndani ya Z ni sawa. Akiona F, ni sawa. Akiona kama herufi U imelala, zile mbili za ndani zinajumlisha 180. Huyu wa tatu ndo anasahaulika na wanaweka sawa. Ila aangalie kama swali limesema mistari ni sambamba au kuna vile vimishale juu yake, bila hivyo hizi herufi zote hazina nguvu, hata kama mistari inaonekana imenyooshana kama reli.

---

MamaWawili_Tabata

Wakuu nimerudi. Kwanza nawashukuru sana sana, fundi nakushukuru kwa mwaliko, likizo tutakutafuta hapa hapa.

Jana nimefanya ile ya kumnyang'anya kalamu. Mwanzoni alinuna. Nikamuwekea pembetatu yenye (2x + 15), (3x − 5) na (x + 20), akaweka vidole vitatu akasema "hizi ni kona zote tatu za pembetatu moja, zikijumlishwa ni 180", nikampa kalamu. 6x + 30 = 180, x = 25. Akasimama, akaniangalia, halafu mwenyewe bila kuambiwa akarudisha: 65, 70, 45. Akajumlisha. 180! Alivyocheka nimefurahi mpaka nimemwamsha baba yake.

Tukaenda kwenye ile ambayo mstari wa pembetatu umeendelea kwenda nje. Pembe mbili za ndani zilizo mbali ni (x + 20) na (2x + 10), ya nje ni (4x − 15). Hapa alitaka kurudi kwenye 180 yake, akaanza "zote tatu...", akasita, akasema "hapana mama huyu wa nje sio wa kwenye pembetatu". Sikumsaidia. Amekaa kama dakika tano. Akasema wa nje na jirani yake wa ndani ni 180, na wale wawili na huyo huyo jirani ni 180, kwa hiyo wa nje ni sawa na wale wawili wakijumlishwa. Mwalimu nimesisimka, ni ile ile hoja yako ya p kaihamishia huku mwenyewe! 3x + 30 = 4x − 15, x = 45. Pembe 65 na 100, ya nje 165.

Sasa tumekwama kwenye moja na tumebishana. Swali linasema: pembetatu pacha, pembe yake moja imezidi nyingine kwa nyuzi 30, tafuta pembe zote. Binti kapata 50, 50, 80. Mimi nimepata 40, 70, 70. Wote zinajumlisha 180. Nani kakosea?

---

dogo_wa_Kigogo

binti yuko sahihi, kubwa inakaa juu

---

FundiKenchi_Mbagala

Dogo kwenye kenchi ndio mara nyingi ya juu ni kubwa, lakini nimewahi kupaua mnara wa kanisa, ule umechongoka, ya juu ndogo za chini kubwa na bado ni pembetatu pacha. Kwa hiyo mi naona mama naye yuko sahihi sijui mwalimu unasemaje

---

Mwl_Sambamba

Fundi umenimalizia kazi. Wote wawili wako sahihi, na hili swali ni zuri sana kwa sababu linakulazimisha uone kwamba sentensi moja ya Kiswahili imebeba milinganyo miwili. "Moja imezidi nyingine kwa 30". Je, ile iliyozidi ni ile ya pekee, au ni wale mapacha wawili?

Kama ya pekee ndo imezidi: x + x + (x + 30) = 180, 3x = 150, x = 50. Pembe ni 50, 50, 80. Hii ya binti.

Kama mapacha ndo wamezidi: x + (x + 30) + (x + 30) = 180, 3x = 120, x = 40. Pembe ni 40, 70, 70. Hii yako mama.

Swali halikuchora picha wala halikusema ipi, kwa hiyo jibu kamili ni kuandika zote mbili. Mwanafunzi anayeandika moja amejibu nusu. Wangetoa mchoro, mchoro ungechagua mmoja. Na angalieni, kila mlinganyo peke yake umetoa jibu moja tu, mlinganyo wa x isiyo na kipeo na yenye kizidishi kisicho sifuri una jibu moja, siku zote. Majibu mawili hapa yametoka kwenye kusoma sentensi kwa namna mbili, hayakutoka kwenye aljebra. Hili mwambie binti alishike kwa sababu atakutana na milinganyo yenye x kipeo cha pili, huko majibu mawili yanaweza kutoka ndani ya mlinganyo wenyewe na wanafunzi wengi wanachanganya hizi habari mbili.

---

Aziza_Kgmb

Hapo mwalimu umenifundisha na mimi, nilikuwa natoa jibu moja kwenye maswali ya hivyo.

Mama mpe hii ya wikendi, haina pembetatu hata moja. Muangalie saa ya ukutani ya mishale saa tisa kamili alasiri. Mshale mrefu uko juu kwenye 12, mfupi uko kwenye 3 (ndio, sisi tunasema tisa ila mshale unasoma 3). Kati yao nyuzi 90. Mrefu unazunguka 360 kwa dakika 60, yaani nyuzi 6 kila dakika. Mfupi nyuzi 30 kwa saa nzima, yaani nusu nyuzi kila dakika. Baada ya dakika ngapi mrefu utaukuta mfupi? Asiandike chochote mpaka aseme sentensi.

---

MamaWawili_Tabata

Aziza mwanangu umetupa kazi. Kakaa chini ya saa ya sebuleni kama robo saa. Sentensi yake: "mrefu ukitembea toka juu umefika pale pale mfupi ulipo, na mfupi ulishatangulia 90". 6t = 90 + 0.5t. 5.5t = 90. Kapata 16.36 na kidogo. Anasema namba mbaya amekosea.

---

Aziza_Kgmb

Hajakosea! Ni 16 na 4/11 kamili. Namba mbaya sio dalili ya kosa, arudishe tu: mrefu 6 × 16.36 ni kama 98.2, mfupi 90 + 8.18 ni 98.2. Zimekutana. Mwambie dada yake wa Kigamboni anampongeza sana.

---

mkazi_wa_Ubungo

Naomba kurudi, nimeyachukua haya kwa mdogo wangu wa kidato cha kwanza na amekaa na vidole vyake kwenye karatasi tangu saa moja. Ila kuna swali limetushinda. Umbo la pande nne, pembe zake kwa kufuatana ni x, 2x, 3x, 4x. Tumepata jumla ni 360, 10x = 360, x = 36, pembe 36, 72, 108, 144. Halafu sehemu ya pili inauliza "hili ni umbo gani, toa sababu". Mraba sio, mstatili sio, msambamba sio maana hakuna pembe zinazolingana. Tutajuaje jina kwa pembe tu?

---

Mwl_Sambamba

Mkuu uko karibu sana. Rudini kwenye vidole. Mmeangalia kama kuna pembe sawa, hakuna. Sasa angalieni aina ya pili ya sentensi: kuna majirani wawili wanaojumlisha 180? 36 na 144 ni majirani kwa sababu umbo limezunguka likarudi lilipoanza, jumla 180. 72 na 108, majirani, 180. Hiyo ni ile herufi U iliyolala, safari hii tunaisoma kwa kurudi nyuma: zikijumlisha 180 basi ile mistari miwili ni sambamba. Majozi mengine, 36 na 72 ni 108 tu, 108 na 144 ni 252, kwa hiyo zile pande nyingine mbili si sambamba.

Jozi moja tu ya pande sambamba. Ni trapeza. Na sababu aiandike hivyo hivyo kama nilivyosema, kwa sentensi, alama zipo huko.